Taa juu ya tangi la sato: mwanga unafanya nini ndani ya ubongo wa samaki?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama, tuko Ihumwa, Dodoma. Tuna banda la bati lenye matangi manne ya sato wazazi, na tangi moja liko nje juani. Mwezi wa tano tulifunga taa ya ulinzi ndani ya banda, inawaka usiku kucha. Kuanzia mwezi wa sita mayai yamepungua sana. Mwenzetu mmoja anasema samaki ana jicho la tatu kichwani linaloamrisha homoni, kwa hiyo taa ndiyo iliyoharibu. Mwingine anasema mwanga unaongeza kutaga, tufunge taa nyingine. Na mbona wale wa tangi la nje wamekuwa weusi? Tushike lipi?"

Jibu: Marahaba, dada. Zimeni hiyo taa usiku wa leo, na kesho alfajiri tumbukizeni kipimajoto majini kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Taa ina makosa yake, lakini mimi ninakishuku zaidi kipupwe. Mambo mawili yalibadilika kwenu karibu wakati mmoja, na nyinyi mkaliona lile linalong'aa.

Tuanze na hilo jicho la tatu, maana si hadithi. Juu ya ubongo wa samaki, chini kidogo ya fuvu, kuna kitezi kiitwacho pineali. Kwa samaki wengi mfupa wa mahali hapo ni mwembamba na ngozi yake haina rangi nyingi, hivyo mwanga hupenya mpaka ndani. Seli za kitezi hicho ni ndugu wa seli za ndani ya jicho: zina protini aina ya opsini, na kila opsini imeshika kipande kidogo kinachotokana na vitamini A. Mwanga ukikigonga hicho kipande, hubadilika umbo, na seli hapo hapo hubadili kazi yake.

Giza likiingia, seli hizo hufungua milango ya kalisiamu. Kalisiamu ikiingia, kimeng'enya kiitwacho AANAT (protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali mwilini) kinalindwa kisivunjwe, nacho huanza kuigeuza kemikali iitwayo serotonini. Baada ya hatua moja zaidi inapatikana melatonini, homoni ya usiku, inayomiminika kwenye damu. Mwanga ukiwaka, milango inafungwa, AANAT inakosa ulinzi, inavunjwavunjwa, na melatonini inashuka haraka sana. Haingoji asubuhi. Taa ikiwashwa saa 7 usiku, damu ya samaki inapata habari hiyo muda mfupi tu baadaye.

Melatonini basi ni kama mjumbe mwenye habari mbili. Muda inaokaa damuni unaueleza mwili urefu wa usiku. Wingi wake unaeleza joto la maji, kwa sababu AANAT ya samaki hufanya kazi vizuri zaidi kwenye joto ambalo aina hiyo ya samaki hulipenda: kwa trauti wa maji baridi ni karibu nyuzi 12, kwa samaki wa maji ya uvuguvugu ni juu zaidi. Shikeni hilo la joto, tutalirudia.

Kwa sato wenu, hata hivyo, habari ya jicho la tatu ina kasoro. Kwa trauti na salmoni, pineali ukiitoa ukaiweka peke yake kwenye chombo cha maabara, bado inaupokea mwanga na kutoa au kusitisha melatonini yenyewe. Sato hayuko hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sato asipopata mwanga kupitia macho, mpangilio wa melatonini wa usiku na mchana hausimami. Kwa maneno mengine, pineali ya sato inategemea macho. Kwa hiyo mwenzenu yuko sahihi kwamba kiungo kipo, ila kwa samaki mliye naye si mtawala anayejitegemea. Kwenu ina maana moja ya vitendo: taa inayompiga sato machoni, hata kwa pembeni kupitia kioo au ukuta mweupe wa tangi, inatosha kumvurugia usiku. Si lazima iwe juu ya kichwa chake.

Kuna seli nyingine zilizo ndani zaidi. Mwaka 1911 Karl von Frisch, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya nyuki, aliona samaki wadogo wa mito ya Ulaya waliopofushwa wakibadili rangi ya ngozi mwanga ulipoelekezwa kichwani. Akawatoa na pineali, wakaendelea kuitikia. Alikata shauri kwamba ndani ya ubongo wenyewe kuna kitu kinachopokea mwanga. Ilichukua miaka mingi kukijua: mwaka 1997 ilipatikana kwa salmoni wa Atlantiki aina ya opsini ambayo haikuwa miongoni mwa zile za kuonea zilizojulikana, na baadaye opsini za namna hiyo zikaonekana katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia homoni. Zimetafutwa pia kwa samaki wa kwetu: Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni wa ukoo mmoja na sato, anazo ubongoni. Na mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kwa salmoni aina ya masu kuna kifuko chenye mishipa mingi chini ya ubongo ambacho hupima urefu wa siku. Kikiondolewa, samaki hapati tena ishara ya kukomaza viungo vya uzazi siku zinapobadilika urefu.

Sasa njia kutoka kwenye mwanga hadi kwenye yai. Haipothalamasi hutoa homoni ya GnRH. GnRH huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni mbili, FSH na LH. FSH huifikia ovari (kiungo kinachotengeneza mayai), ovari hutengeneza homoni ya kike iitwayo estradioli, estradioli huenda kwenye ini, na ini ndilo hutengeneza protini ya kiini cha yai inayosafirishwa kwa damu mpaka kwenye ovari. Kazi hii ya kujaza mayai kiini huchukua wiki kadhaa. LH huja mwishoni: ikipanda kwa ghafla, mayai yanapevuka na kutoka. Melatonini na zile seli za ndani ya ubongo hugusa mwanzo wa njia hiyo tu, juu kabisa. Hapo kati kuna watu wengine wengi wenye funguo: chakula, joto, hewa ya maji, msongo, na dume wa kwenye tangi. Kwa yule samaki wa Tanganyika, dume akipanda cheo na kumiliki eneo, seli zake za GnRH hunenepa waziwazi, bila taa yoyote kuongezwa.

Ndiyo maana swali la "mwanga unaongeza au unapunguza" halina jibu moja. Salmoni wa Norway na Scotland anaishi mahali ambapo siku ya Juni inafika saa 18 au zaidi na ya Desemba haifiki hata saa 7 kule kaskazini. Ubongo wake umezoea kusoma kalenda kwa mwanga, na wafugaji huutumia ujuzi huo kumdanganya: huwasha taa ndani ya maji majira ya baridi ili samaki wasikomae mapema, nguvu iende kwenye nyama. Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu kabisa ya Desemba inaizidi ile fupi ya Juni kwa dakika 40 na ushee tu. Sato hapa hana kalenda ya kusoma angani. Hutaga mwaka mzima maji yakiwa na joto na chakula kikiwepo.

Hata hivyo saa za mwanga zikibadilishwa kwa makusudi, sato anaitikia. Majaribio ya saa 18 za mwanga na 6 za giza yameonyesha majike wakitaga mayai mengi zaidi na wakirudia kutaga mapema zaidi, ingawa yai lenyewe huwa dogo kidogo kuliko la siku ya saa 12. Mwanga wa saa 24 bila giza ni jambo jingine: umechelewesha kukomaa na kuelekeza nguvu kwenye ukuaji, kama kwa salmoni. Sasa tazameni taa yenu. Mchana mna jua kupitia milango na nafasi za bati, usiku mna taa. Mmewapa samaki wazazi saa 24, yaani mmefuata ratiba ya mtu anayetaka samaki wa kuuza na si mayai. Yule wa pili aliyesema muongeze taa alisikia habari ya saa 18, akaimaliza mwenyewe hadi 24.

Lakini narudi kwenye kipupwe. Sato hutaga vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 22 mambo yanazorota, na yakifika 20 au chini yake kutaga husimama. Juni na Julai, alfajiri ya Dodoma hewa hushuka mpaka karibu nyuzi 13 au 14, na tangi dogo ndani ya banda la bati hupoteza joto usiku kucha huku mchana halipigwi na jua. Maji ya baridi yanapunguza kasi ya kila hatua ile niliyoitaja: pituitari, ovari, na zaidi ya vyote ini. Hata GnRH ikitoka kwa wingi kiasi gani, ini lililopoa halitajaza yai.

Namna ya kuwatenganisha washukiwa hawa wawili ni hii. Pimeni joto la kila tangi saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, kina cha katikati ya maji, si juujuu, kwa siku 7 mfululizo. Andikeni kwenye daftari. Kisha matangi mawili yarudi kwenye usiku wa giza kamili bila kupashwa joto, na mawili yapate giza pamoja na joto. Wekeni uwiano uleule wa dume 1 kwa majike 3, chakula kilekile, na majike wa uzito unaokaribiana, tuseme gramu 150 hadi 300. Msihukumu kabla ya wiki 6. Hapa ndipo wengi huharibu: jike akitaga, mara nyingi hukaa wiki mbili hadi nne kabla ya kutaga tena, na mayai mnayoyaona leo yalianza kujazwa kabla ya taa kuzimwa. Ukizima taa Jumatatu ukatafuta mayai Ijumaa, unachokiona ni matunda ya mwezi uliopita.

Giza kamili nalo lina kipimo chake. Simameni ndani ya banda usiku, milango imefungwa, mkae dakika 10 macho yazoee. Mkiweza kusoma maandishi ya mfuko wa chakula, kuna mwanga mwingi mno. Msitegemee programu ya simu ya kupima luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali); kwenye mwanga hafifu hudanganya. Mwezi mpevu, ambao kwa macho yetu ni mwanga wa kutembelea tu, hauzidi sehemu chache za kumi za luksi moja, na bado kwa tafi wa baharini umeonekana ukiishusha melatonini. Samaki huyo hutaga kwa kufuata mwezi. Taa ya ulinzi ihamishieni nje, ielekee mlangoni na si dirishani. Anayekagua usiku asimulike tochi kwenye maji.

Na kumulika kwa ghafla kuna hasara nyingine isiyohusu homoni za uzazi. Sato jike hulea mayai mdomoni. Taa ikiwaka ghafla kwenye giza totoro, samaki hurukaruka, hugonga kuta, na jike huyatema. Mkikuta asubuhi mayai ya manjano yametapakaa chini ya tangi, msiseme hawakutaga. Walitaga, wakashtuliwa. Hili huwapata sana wale wanaoacha swichi imewashwa umeme ukikatika: unarudi saa 8 usiku, banda zima linang'aa kwa mkupuo.

Tuje kwenye kupasha maji. Msikimbilie hita ya umeme bila hesabu. Kupandisha maji ya lita 1,000 kwa nyuzi moja kunahitaji uniti 1.16 za umeme. Tangi la lita 2,000 likiwa nyuzi 20 nanyi mnataka 25, hizo ni uniti 11.6 kwa mara ya kwanza tu, na usiku mmoja wa kipupwe unaweza kuzila tena sehemu kubwa. Matangi manne yatawafilisi. Fanyeni hivi badala yake: ezueni bati mbili tatu upande unaopata jua la asubuhi mpaka alasiri, mweke nailoni angavu; ongezeni kina cha maji, kwani tangi lenye maji mengi hupoa polepole; zungusheni kuta kwa magunia yaliyojazwa pumba za mpunga au nyasi kavu; na kila jioni jua likizama funikeni matangi kwa turubai, mfunue asubuhi jua likichomoza. Acheni upenyo na mashine ya hewa ifanye kazi muda wote, maana tangi lililofunikwa kabisa huishiwa hewa alfajiri. Maji ya kisima kirefu mara nyingi yana joto kuliko maji ya tangi saa hizo za baridi. Pimeni, na kama ni hivyo yatumieni kubadilishia, ila yamwageni kwanza kwa kuyarusha hewani kwa sababu hutoka ardhini yakiwa na hewa kidogo.

Maji yakishatulia juu ya 25 mchana na usiku, mkitaka kujaribu saa 18, hapo sasa mnayo haki. Nunueni taima ya soketi, iwashe saa 11 alfajiri na kuzima saa 5 usiku. Majaribio yaliyofanya vizuri kwa sato yalitumia mwanga mkali, kiasi cha luksi 2,500 juu ya maji. Taa ya bomba ya LED ya wati 18 hutoa mwanga wa lumeni 1,800 hivi; lumeni moja ikienea mita moja ya mraba ndiyo luksi moja. Ukizigawa kwenye tangi la mita 4 za mraba unapata luksi 450 kama hakuna inayopotea, na nusu hupotea. Ndiyo sababu taa moja hafifu haiongezi mayai. Inachofanya ni kuharibu giza tu. Kama hamwezi kufikisha mwanga wa kutosha, ni heri mbaki na saa 12 za jua na 12 za giza safi. Na mkishachagua ratiba, msiibadilishe kila wiki. Weka pia taa ndogo ya pili inayotangulia kuwaka dakika 20 kabla ya kubwa na kuzimika dakika 20 baada yake, ili kuwe na mapambazuko na magharibi.

Jambo la chakula nalipita haraka: mashudu ya alizeti ya kwetu ni mazuri lakini hayana vitamini A ya kutosha. Samaki wazazi wapewe chakula chenye protini ya asilimia 35 hadi 40, chenye dagaa ndani yake na mchanganyiko wa vitamini. Opsini bila vitamini A ni kufuli bila ufunguo.

Wale weusi wa tangi la nje. Weusi wa samaki una sababu nyingi, ila jueni kwamba pituitari yenyewe inaweza kupokea mwanga. Watafiti wa Japani wameonyesha kwa samaki mdogo medaka kwamba seli za pituitari zinazotoa homoni ya MSH zina opsini inayohisi miale ya urujuanimno, ile miale ya jua tusiyoiona kwa macho. Miale ikiingia, seli zinaachia MSH moja kwa moja bila kungoja amri ya ubongo, na ngozi inatengeneza rangi nyeusi zaidi, kama mwavuli wa kujikinga na jua. Hayo ni ya medaka. Kwa sato wenu, mko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, jua kali, tangi la kina kifupi; kutiwa giza na jua si ajabu. Lakini tazameni kwanza kama ni wote au ni baadhi. Wakiwa wote, na wanakula vizuri, ni jua au ukuta mweusi wa tangi. Wekeni kivuli cha neti nusu ya tangi muone. Wakiwa wawili watatu tu, wamejibana pembeni, na jicho lenyewe limekuwa jeusi badala ya kung'aa, hao wanaonewa. Sato mnyonge hutiwa giza jichoni, na jike wa namna hiyo hatagi, taa iwepo isiwepo. Mwondoeni dume mkali, au mpunguze idadi iwe samaki 4 kwa kila mita ya mraba.

Mkija kuongeza kambale, msiyahamishie haya yote kwake. Kambale tangini hafiki mwisho wa ile njia, kwa sababu dopamini, kemikali ya ubongo, huizuia pituitari isiachie LH. Mwanga hauwezi kuiondoa breki hiyo, ndiyo maana huchomwa sindano. Dawa kama Ovaprim, mililita 0.5 kwa kilo ya jike, ina kitu kinachofanya kazi ya GnRH pamoja na kitu kinachoizima dopamini. Baada ya sindano kinachoamua wakati wa kumkamua jike mayai ni joto: maji ya nyuzi 25 ngojeni muda wa saa 11, ya 28 muda wa saa 8. Ukichelewa mayai yanaharibika tumboni, ukiwahi hayatoki. Vifaranga vyake navyo vinapenda kinyume cha vile vya sato: vifunikieni turubai jeusi mchana, vitakula zaidi na kutafunana kidogo.